Mimi nilichangiwa niondoke, mwinjilisti wetu je?

Jumapili usiku, bwenini

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimedisko na kufungasha virago. La hasha! Nilibanwa na mitihani, kisha nikaenda likizo nyumbani Lushoto, na kijijini kwetu mtandao unapatikana ukipanda kilimani na kusimama kwenye jiwe moja tu, tena kwa mguu mmoja (natania, lakini si sana). Sasa nimerudi Mlimani, bumu bado halijatoka, nimekaa na chai yangu ya rangi, na kuna jambo linanikereketa tangu Agosti. Leo naomba nilitoe.

Jambo lenyewe ni hili: hawa wachungaji na wainjilisti wa vijijini, nani anawafundisha? Na nani anawategemeza?

Kwa wasiokujua kwetu, unashuka basi Mombo, unapanda milima kupitia Soni hadi Lushoto mjini, halafu unaendelea mbele upande wa Mlalo. Jina la kijiji naliacha, maana nitawataja watu na sijawaomba ruhusa. Kanisa letu ni KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapo Lushoto. Usharika wetu una mchungaji mmoja, na chini ya usharika kuna mitaa iliyotawanyika kwenye vilima. Mchungaji anafika mtaani kwetu kwa zamu: ubatizo, ushirika mtakatifu, ndoa. Jumapili nyingine zote, na Jumatatu mpaka Jumamosi, ni mwinjilisti. Anahubiri yeye, anafundisha kipaimara yeye, anazika yeye, akigongewa saa nane usiku anatoka yeye. Asubuhi yuko shambani na jembe kama baba zetu wengine, kwa sababu anachopewa hakitoshi kulisha nyumba.

Kwa hiyo nikisema "mchungaji wa kijijini" humu ndani, namaanisha na huyu pia. Kwenye karatasi si mchungaji. Kwa bibi yangu ndiye mchungaji anayemjua.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Mwezi wa nane kikundi chetu kimoja cha kiroho hapa chuoni (jina nalo naliacha) kiliamua kwenda misheni Lushoto. Mimi kama mwenyeji ndiye niliyepiga debe. Nikasema, jamani, kule watumishi hawana mafunzo, twendeni tukawape semina ya siku tatu. Wote wakasema amina. Tukachangishana, tukashona fulana zenye maandishi mgongoni, tukachapa vyeti vya rangi, tukaazima projekta. Tukapangiana mada. Yangu ilikuwa "Mbinu za kuhubiri katika karne ya ishirini na moja". Msicheke.

Wainjilisti walikuja kutoka mitaa kadhaa. Wengine walitoka kwao alfajiri kwa miguu, na Agosti kule asubuhi kuna ukungu na baridi inayokata mfupa. Walikaa kwenye mabenchi na daftari zao za shule za msingi na kuandika kila tulichosema. Umeme ulikatika saa nne, projekta ikalala, tukaendelea kwa mdomo. Mwenzetu mmoja alikuwa na somo la namna ya kujibizana na Waislamu kwa hoja, kama ile mihadhara ya mijini. Akaanza kwa moto. Mwinjilisti wetu akanyoosha mkono, akasema kwa upole kabisa, "Mtumishi, imamu wa msikiti ule pale ni shemeji yangu. Mwezi uliopita tumezika pamoja." Mwenzetu akafunga daftari. Kwetu Waislamu ndio wengi, na nyumba nyingi zimechanganyika. Mimi nililijua hilo tangu kuzaliwa, na nikaacha somo lile liwekwe kwenye ratiba. Kwa hiyo kosa ni langu zaidi kuliko lake.

Siku ya tatu tukatoa muda wa maswali. Tulitegemea waulize kuhusu mada. Mwinjilisti wetu akasimama tena, akakunjua karatasi. Naandika maswali yake kama ninavyoyakumbuka.

La kwanza: mama mmoja wa kwaya amempata mtu wa kumpeleka binti yake Dar kufanya kazi za ndani. Binti ana miaka kumi na tatu. Mama ameomba safari iombewe kanisani. "Niombe au nikatae? Nikikatae, kesho watakula nini?"

La pili: ndugu wawili wanagombania kipande cha shamba mteremkoni, upana wake hauzidi hatua kumi. Wote ni wazee wa kanisa. Mmoja ana karatasi, mwingine ana maneno ya marehemu mama yao. "Jumapili wote wawili wanakaa benchi la mbele. Nihubiri nini?"

La tatu: kuna mjane aliyeuza kuku wake wote akaenda mjini kununua mafuta ya upako. Amerudi, ugonjwa uko palepale, kuku hakuna. "Nimwambie nini nisimwongezee aibu?"

Wapendwa, ukumbi ulinyamaza. Sisi wasomi tukaangaliana. Aliyekuwa anaongoza akasema haya ni mambo ya kuyaombea, tukaombea, tukagawa vyeti, tukapiga picha. Tulipokuwa tunakunja nyaya za projekta, mzee akaja kwangu, akanishika bega. "Msione vibaya wanangu, mmefundisha vizuri. Ila yale niliyouliza ndiyo mtihani wangu wa kila wiki."

Mtihani wa kila wiki! Mimi nikipata mtihani mmoja kwa muhula nalalamika mpaka kwa mama mboga.

Sasa nieleze kwa nini hili linanichoma mimi binafsi. Nilipomaliza kidato cha nne nikachaguliwa kwenda kidato cha tano mkoa wa mbali, baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani hapakuwa na godoro la kubeba, wala sanduku, wala nauli. Mwinjilisti akalipeleka jambo kwa wazee, wakaamua sadaka ya mnada ya Jumapili moja iwe yangu. Walioko mjini huenda hamjui mnada wa kwetu. Watu wanaleta walichonacho: kabichi, karoti, mayai, ndizi, labda jogoo. Baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Mwinjilisti ndiye alikuwa dalali. Kuna kabichi moja ilinunuliwa, mnunuzi akairudisha inadiwe tena, ikanunuliwa tena, ikarudishwa tena. Ikauzwa mara nne. Nilisimama pale nikitazama kabichi ile, sikujua nicheke au nilie. Jumatatu yake nilipanda basi na godoro jipya.

Yule mzee aliyeninadia kabichi ana mafunzo ya miezi michache tu, tena ya kabla mimi sijazaliwa. Vitabu alivyonavyo ni Biblia, kitabu cha nyimbo na kalenda ya masomo ya mwaka. Na katika miaka yote hiyo sijasikia hata mara moja mtaa ukifanya mnada ili yeye asome.

Nimejiuliza sana kwa nini. Si kwamba hawampendi. Wakichinja, nyama yake inatengwa. Nadhani sababu ni kwamba kwetu elimu maana yake ni kuondoka. Mtoto akisoma anashuka Mombo. Anayebaki mlimani anaonekana hana haja ya kusoma, maana haendi popote. Kwa hiyo tunamchangia anayeondoka, na yule anayebaki na mzigo tunamwachia atumie alichonacho. Hata sisi tulioondoka tukirudi tunampelekea semina ya siku tatu na cheti.

Hebu tuangalie historia kidogo, maana hapa ndipo ninapoona tumekosea zaidi.

Wamisionari Wajerumani wa Betheli walianza kazi Mlalo mwaka 1891, baadaye wakaenda Vuga na Bumbuli. Hilo linasimuliwa kila jubilei. Lisilosimuliwa sana ni yaliyofuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, kati ya mwaka 1916 na 1920 wale wamisionari waliondolewa nchini. Wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1939 vita nyingine ikaanza, wakakamatwa tena. Mara mbili ndani ya robo karne milima ile ilibaki na makanisa bila wenye kuyaanzisha. Hayakufa. Yalishikwa na nani? Na walimu na wainjilisti wenyeji, watu wa jembe na Biblia, na wachungaji Waafrika wachache mno. Ndivyo ilivyokuwa Uchagani, ndivyo ilivyokuwa Uzaramo na Uhaya. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, moja lao likiwa la Usambara na Digo, yaliungana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wameyabeba mpaka hapo.

Kuna jambo lingine vijana wengi wa kwetu hawalijui. Chuo cha theolojia cha Walutheri Tanzania kilianzia kwetu! Ni Lwandai, pale karibu na Mlalo, mwaka 1947. Mwaka 1954 kikahamia Makumira, Usa River, na hicho ndicho kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Silaumu kuhama. Makanisa yote yalihitaji chuo kimoja, na Makumira kimetoa wachungaji, maaskofu na wanazuoni tunaojivunia. Lakini mtu wa mlimani anaona hivi: zamani chuo kilikuwa kwetu, sasa anayetaka kusoma lazima ashuke. Na akishashuka na kupata shahada, mara nyingi sharika za mijini zinamhitaji, zina uwezo wa kumtunza, na watoto wake wanapata shule nzuri. Nani atamlaumu? Mimi mwenyewe nasoma ualimu, na ukiniuliza leo kama nitarudi kufundisha kwetu nitaanza kukohoa.

Jambo hili nililipeleka kantini. Rafiki yangu mmoja wa sheria akanipinga vikali, na hoja yake ina uzito, nisimdhulumu. Anasema dawa ni kuweka sharti: asiye na shahada ya theolojia asiruhusiwe kusimama madhabahuni. Akanitajia Rwanda, ambako sheria ya mwaka 2018 iliwataka wahubiri wanaoongoza makanisa wawe na shahada ya theolojia, wakapewa miaka mitano kuitafuta, na makanisa maelfu yamefungwa kwa kutotimiza masharti ya serikali. Akanitajia Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Bwana. Akanikumbusha na ya nyumbani: tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana, wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. "Sasa wewe unataka kumtetea mhubiri asiyesoma?" akaniuliza.

Hapana, simtetei asiyesoma. Nataka asome! Ndiyo hoja yangu yote. Tunachotofautiana ni mahali pa kusomea na nani aanze kufundishwa.

Mwinjilisti wetu ukimwekea sharti la shahada, umemfungia mlango. Ana umri wa kustaafu kesho kutwa, ana shamba, ana mke na wajukuu, elimu yake ni ya darasa la saba. Jumapili ijayo mtaa hautakuwa na mtu. Mwenye mafuta ya upako hatafungiwa mlango na sharti hilo, kwa sababu yeye ana fedha, atatafuta wakili, na cheti atakinunua. Halafu tujiulize mambo haya ya mafuta yanaingiaje vijijini. Yanaingia palipo na swali lisilo na mtu wa kulijibu. Yule mjane hakuuza kuku kwa sababu ni mjinga. Aliumwa, aliogopa, na aliyekuwa karibu naye hakuwa na la kumwambia zaidi ya pole. Angekuwepo mtu wa karibu aliyefundishwa kuzungumza na mgonjwa, anayejua ni lini amwambie aende hospitali ya Bumbuli na ni lini akae naye tu, huenda kuku wale wangekuwepo.

Na akina mama je? KKKT imekuwa ikiwabariki wanawake kuwa wachungaji tangu mapema miaka ya 1990. Vizuri sana. Lakini mama wa kijijini mwenye watoto watatu, anayeongoza maombi ya nyumba kwa nyumba vizuri kuliko sisi sote, utamwambia aache nyumba miaka kadhaa akakae bweni? Mafunzo ya kukaa chuoni yakiwa ndiyo njia pekee, huyo tumeshamwacha nje.

Kwa hiyo mimi nasema: somo lipande mlima.

Najua mtaniambia mbona semina zimejaa. Kweli zimejaa! Kila likizo wanakuja wanafunzi kama sisi, wengine wanatoka Ulaya na Marekani na mkalimani, siku tatu, fulana, cheti, kwaheri. Hapa nawakumbusha habari ya matuta, ambayo wazee kwetu bado wanaisimulia. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo bonde la Mlalo. Wataalamu waliona milima inamomonyoka, na walikuwa sahihi, ilikuwa inamomonyoka. Wakaamuru watu wachimbe matuta kwenye miteremko. Hawakumuuliza mwenye shamba ana nguvu kazi kiasi gani, wala atakula nini wakati anachimba. Watu wakachukia, wakagoma, chuki ile ikaingia mpaka kwenye siasa za kudai uhuru, na mwaka 1957 mpango ukatupwa. Tatizo lilikuwa la kweli. Dawa ililetwa bila kumuuliza mgonjwa. Nilipokuwa nakunja nyaya za projekta siku ile, niliona matuta.

Basi tufanyeje? Mimi si mchungaji, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye sapu moja kwenye rekodi, kwa hiyo pimeni wenyewe.

Kwanza, mafunzo yafanyike palepale jimboni, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Siku moja kila mwezi kwa miaka miwili au mitatu inazidi semina kumi. Wafundishe wachungaji wetu wenyewe waliosoma, wanaojua milima hiyo na wanaofika kwa bodaboda. Lugha iwe Kiswahili, na panapobana, Kishambaa. Na somo lianzie kwenye ile karatasi ya mzee: binti wa kazi za ndani, shamba la ndugu wawili, mjane na mafuta. Ukianzia hapo Biblia itafunguliwa yenyewe, maana kila mmoja anatafuta jibu la Jumapili inayokuja.

Msiniambie haiwezekani, nchi hii imewahi kufanya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tulitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Vijana waliomaliza shule ya msingi wakachukuliwa, wakasomeshwa humohumo vijijini huku wanafundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana hivyo. Najua wengine waliwacheka, wakawaita walimu wa UPE, na kasoro zilikuwepo kweli, hasa palipokosekana vitabu na usimamizi. Lakini mama yangu alifundishwa kusoma na mmoja wao. Tuchukue njia ile, kasoro tuzirekebishe.

Pili, vitabu. Si vya Kiingereza tulivyovichoka sisi tukavipeleka kama msaada. Vitabu vya Kiswahili, vya ufafanuzi wa Biblia, vya ushauri, hata vya sheria ya ardhi na haki za mtoto, viwekwe kwenye kabati moja usharikani na viazimwe. Fulana zetu za misheni zilikula fedha ambazo zingejaza rafu nzima. Nilikuwa mweka hazina msaidizi, nayajua mahesabu.

Tatu, shamba lake. Hili ndilo kubwa, na ndilo hatulisemi. Mwinjilisti hawezi kwenda kusoma msimu wa kulima kwa sababu akienda hatavuna. Nilimuuliza mzee kwa nini hakuendelea na masomo zamani alipopewa nafasi. Akajibu kwa neno moja: "Jembe." Sasa jamani, kwetu tuna msaragambo. Tunatengeneza barabara kwa msaragambo, tunachimba msingi wa shule kwa msaragambo. Tunashindwaje kumlimia mwinjilisti siku mbili kwa msimu ili yeye akae na kitabu? Hilo halihitaji mfadhili wala andiko la mradi. Linahitaji wazee wa kanisa waamke asubuhi na majembe.

Na utegemezaji wenyewe usiwe wa kutoka nje tu. Mgeni akichoka au nchi yake ikibadilisha mawazo, kazi inalala. Tumeshaona mara mbili nini kinatokea mgeni akiondolewa ghafla, na waliotuokoa ni wenyeji. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwinjilisti ndiye mbacha wetu. Amechakaa, lakini ndipo tunapoketi kila siku.

Nne, sisi wa chuoni. Hapa Dar kuna watoto wa Lushoto wengi, Mlimani, Mabibo, mpaka sokoni Kariakoo. Jumapili tunatoa sadaka kwenye sharika kubwa zenye viyoyozi na kwaya zenye sare tatu. Si vibaya. Lakini wengi tulifika huku kwa kabichi zilizouzwa mara nne. Likizo ijayo tukienda misheni, naomba twende tukiwa tumeuliza kwanza. Tupige simu, tuseme, "Baba, mnahitaji nini?" Wakisema hawahitaji semina, wanahitaji watu wa kulima wiki moja ili wainjilisti sita wakae darasani na mchungaji wao, basi twende tukalime. Nadhani tutajifunza zaidi kuliko tulivyofundisha.

Juzi nilimpigia mzee simu kumwomba radhi kwa ile semina. Akacheka sana. Akaniambia cheti chetu amekitundika ukutani, kinapendeza. Halafu akaniambia habari iliyonifanya niandike haya leo. Yule binti wa miaka kumi na tatu hajaenda Dar. Mzee alikwenda kwa mama yake mara tatu, akakaa, wakazungumza, mwisho akawaomba wanawake wa kwaya wachangie sare ya shule. Hakuna aliyemfundisha, alihangaika peke yake mpaka akapata njia. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, yule mwingine wa mtaa wa juu ameshaondoka. Kule mwinjilisti ni kijana, hakujua aanzie wapi." Kijana yule anafikiria kuacha kazi akaendeshe bodaboda Tanga.

Huyo kijana ndiye anayeniumiza kichwa usiku huu. Mzee atastaafu. Akiondoka na yote anayoyajua, na kijana akashuka Mombo kama mimi, nani atagongewa mlango saa nane usiku?

Nimeshazungumza na wenzangu wanne wa kwetu hapa chuoni. Bumu likitoka, kila mmoja atatenga kidogo, na tumeshamwandikia mchungaji wa usharika kumuuliza tuanzie wapi. Tumemuuliza tu, hatujampangia. Akijibu nitawaambia.

Naomba kutoa hoja. Mwenye maoni tofauti aseme, hata kama ni mwanasheria wa kantini. Matusi hapana. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda, nami nikiwa nimekula vizuri kuliko leo.